Sura ya Tano: Ng'ambo ya Tana

Mwenye duka wa Garissa akifunga safari ya kwenda Nairobi kuchukua mali, ukimuulizia kwa jirani yake utaambiwa, "Ameenda Kenya." Hakuna anayecheka. Maneno hayo yamesemwa kwa miaka mingi Garissa, Wajir na Mandera, na msafiri akirudi huulizwa vivyo hivyo: "Kenya kukoje?" Waandishi wa mji mkuu hupenda kuyanukuu kama ushahidi wa uchungu. Uchungu upo, tena wa haki, ila kwa mkazi wa Garissa maneno hayo yanaeleza pia jambo la kila siku kabisa. Kenya inaanzia darajani.

Upande wa magharibi wa daraja la Mto Tana kuna Madogo, katika Kaunti ya Tana River, eneo lililokuwa Mkoa wa Pwani. Upande wa mashariki kuna Garissa, uliokuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Unga, saruji, dawa, petroli, karatasi za mitihani na miraa ya mchana, vyote hupita hapo vikitokea bara. Sukari, tuseme ukweli, nyingine ina njia zake na haitoki upande huo. Abiria wa basi huteremka kwenye kizuizi, hupanga foleni, huonyesha kitambulisho, hupanda tena. Mfanyabiashara wa Thika akienda Nakuru hana habari ya foleni kama hiyo. Mzee wa Garissa amezeeka nayo.

Foleni hiyo ina historia. Mwaka 1962 wananchi wa eneo lililoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini waliulizwa matakwa yao, na wengi wa Wasomali wakasema wanataka kuungana na Somalia. Hawakupewa. Desemba 1963, Kenya ikiwa na majuma machache tu ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari katika eneo hilo zima. Vita vya shifta, kati ya serikali na waliotaka kujitenga, vikapiganwa hadi makubaliano ya Arusha mwaka 1967. Vita vikaisha, sheria za hali ya hatari zikabaki hadi 1991. Mtoto aliyezaliwa Garissa siku bendera ilipopandishwa alifika umri wa kuoa na kuwa na watoto wake kabla ya kuishi chini ya sheria moja na Mkenya wa Nyeri. Mwaka 1989 ukaja msako wa kuwachuja Wasomali peke yao, waliofaulu wakapewa kadi ya pili ya kuthibitisha kadi ya kwanza. Na ilikuwa Februari 2025 tu ndipo Rais William Ruto, akiwa Wajir, alipofuta uchujaji wa ziada kwa vijana wa kaunti za mpakani wanaoomba vitambulisho.

Hayo ndiyo Nairobi inayoyajua kuhusu Garissa, pamoja na mashambulizi. Mji wenyewe una mambo mengine ya kuzungumza.

Kwa sensa ya 2019 kaunti nzima ilikuwa na watu 841,353, na mji umetambaa mbali na mto, bulla, yaani mtaa, baada ya bulla: Bulla Iftin, Bulla Punda, Bulla Mzuri. Lakini tabia yake imebaki ya mji mdogo. Anayejenga anajulikana, anayeoa anajulikana, anayedaiwa anajulikana zaidi. Mgeni akikaa hotelini kwa chai mara mbili, mara ya tatu mwenye hoteli anamwambia yeye ni mtu wa nani, amekuja kwa shughuli gani, na kwamba shughuli yenyewe haitafaulu kwa sababu ofisa anayemtafuta yuko Modogashe kwenye mazishi.

Siku ya mji ni Jumatano. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki, na ng'ombe wanaofika hapo hutoka Ijara, hutoka pande za Dadaab, na wengi hutoka ng'ambo ya mpaka, kwenye malisho ya Jubba nchini Somalia, wakitembezwa kwa siku nyingi kupitia Liboi. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 wataalamu wangetarajia biashara hiyo ife. Ilikua. Ng'ombe hawakuhitaji wizara, walihitaji maji njiani, wachungaji wasiolala, na mtu wa kuaminika mwisho wa safari.

Mtu huyo ni dalali. Anayemdhani kuwa mpiga domo tu wa kupandisha bei hajaelewa soko hili. Mnunuzi wa Nairobi au wa Mombasa hamjui mfugaji aliyetoka Afmadow, hajui lugha yake, hajui kama ng'ombe aliyesimama mbele yake ameibwa jana. Dalali anajua. Anamjua mfugaji, anaujua ukoo wake, anajua alama iliyochomwa kwenye paja la mnyama. Akisema "huyu ni wake," ameweka jina lake rehani. Mwenye kudai wizi akitokea baada ya mwezi, dalali ndiye atakayetafutwa kwanza, na nyuma yake jamaa zake. Ada anayochukua ni malipo ya jina hilo zaidi ya malipo ya kelele. Hakuna benki iliyowahi kubuni bima ya bei nafuu kama hiyo.

Kijana mnunuzi humwita mfugaji "adeer", kwa heshima ya baba mdogo, hata kama tangu azaliwe hajawahi kumwona. "Adeer, huyu amekonda." Mzee haangalii hata pembeni. "Amekonda kwa safari. Mnyweshe maji, kesho utaniomba radhi." Wanaondoka, wanarudi, wanaondoka tena. Kufikia adhuhuri jua la Garissa limemaliza ubishi wa watu wote, na bei zinapatikana kwa sababu hakuna mwenye nguvu ya kuendelea. Fedha ambayo zamani ilihesabiwa kwa vidole sasa nyingi inapita kwenye simu. Jioni malori yanajaa, ng'ombe wamesimama ubavu kwa ubavu, makuli wanakaa juu ya vyuma, na safari ya kuelekea Mwingi inaanza.

Ukitaka kujua ukame umefika wapi, usisubiri taarifa ya serikali, nenda soko la Jumatano ulinganishe bei ya ng'ombe na bei ya gunia la mahindi. Mvua ilikosekana misimu 5 mfululizo kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, na kaskazini na mashariki mwa Kenya zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa. Sokoni mambo yalionekana mapema: ng'ombe waliletwa wengi kuliko wanunuzi, kisha wakaletwa wasioweza kusimama, kisha hawakuletwa. Ngamia ndiye aliyebaki na bei. Familia ambazo babu zao walikuwa watu wa ng'ombe zimeanza kufuga ngamia, na wanaobeza mabadiliko ya tabianchi wangefaa wazungumze na mzee aliyebadilisha kundi zima akiwa na miaka sabini.

Maziwa ya ngamia ni mali ya wanawake, kwa maana ya biashara. Yanakuja mjini asubuhi kwa pikipiki na juu ya matatu, katika madumu yaliyofukizwa moshi ili yasiharibike upesi, na kila muuzaji ana watu wake: aliyekamua, aliyebeba, anayepokea, wateja wa mkopo. Ni wanawake hao hao wanaouza nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa ndogondogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, chakula cha safari na cha harusi. Wengi walikuwa wafugaji mpaka kundi likafa. Watafiti huwaita waliotoka kwenye ufugaji. Wenyewe hawajaona wametoka, wamehamia upande wa pili wa dumu.

Soko lao kubwa liliitwa Soko Mugdi, na Novemba 2012 liliteketea. Wanajeshi watatu walipigwa risasi mjini wakauawa, na katika saa zilizofuata wakazi walipigwa, wakafyatuliwa risasi, na maduka yakachomwa. Wakazi na shirika la Human Rights Watch walisema waliofanya hivyo ni askari, jeshi lilikanusha. Wazee waliosimama kuangalia moshi walikuwa wameuona moshi kama huo. Novemba 1980, baada ya watu wenye silaha kuwaua maofisa kadhaa wa serikali, vikosi vya usalama vilichoma mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa, siku kadhaa, juani, bila chakula wala maji. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyatia mambo hayo kwenye ripoti yake ya 2013, pamoja na mauaji makubwa zaidi ya Wagalla, karibu na Wajir, ya Februari 1984. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Miaka 32 kati ya moto mmoja na mwingine, na wenye vibanda wa 2012 walifanya kama wazazi wao: walianza kutandika bidhaa chini, kwenye majivu, kabla mabati mapya hayajafika.

Mwaka huo huo wa 2012, tarehe 1 Julai, washambuliaji walivamia makanisa mawili ya Garissa wakati wa ibada ya Jumapili na kuua watu wasiopungua 15. Baada ya hapo viongozi wa Kiislamu wakatangaza kwamba vijana Waislamu watasimama kulinda makanisa. Uamuzi huo haukuwa rahisi kama unavyosomeka. Kijana aliyesimama mlangoni mwa kanisa alijulikana kwa jina, na aliyetaka kumdhuru alijua anakolala.

Kisha ikaja asubuhi ya tarehe 2 Aprili 2015. Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi mno wakiwa wanafunzi waliotoka Kenya ya upande ule mwingine. Nchi ilihuzunika, dunia ikahuzunika. Kinachosahaulika ni hesabu ya mji: chuo hicho kilikuwa chuo kikuu cha pekee cha umma katika mkoa mzima, kilikuwa kimefunguliwa mwaka 2011 tu mahali palipokuwa chuo cha ualimu, na kilifungwa miezi tisa. Walimu na wauguzi wasio wenyeji walihama kwa makundi, si Garissa peke yake. Shule zilibaki na mwalimu mmoja kwa madarasa manne. Chuo kikafunguliwa tena Januari 2016, kikapewa hati kamili mwaka 2017, na leo binti wa Bulla Iftin anaweza kusoma shahada akilala kwao. Mimi naliona hilo kuwa jibu zito kuliko hotuba zote zilizotolewa uwanjani mwaka ule.

Jambo lingine la elimu lilianza Garissa likaenda mbali. Oktoba 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa ilianzisha maktaba ya ngamia kwa ngamia watatu: mmoja abebe masanduku ya vitabu, mwingine hema, na wa tatu asaidie. Walipelekwa kwa watoto wa wafugaji ambao gari haliwezi kuwafikia, na baadaye Wajir nayo ikapata misafara yake. Mkutubi anatandika mkeka chini ya mgunga, anapanga vitabu, watoto wanachagua. Mwandishi wa Marekani Masha Hamilton alitunga riwaya juu yake mwaka 2007, na wapiga picha wa kigeni hawajawahi kuichoka. Mimi napenda zaidi tatizo lake, ambalo picha haionyeshi: azimisha kitabu kwa mtoto ambaye familia yake itahama mvua ikinyesha upande mwingine, kisha jaribu kukirudisha. Mkutubi wa Garissa lazima ajue malisho kama mfugaji, la sivyo atamfuata msomaji wake hadi Tana Delta.

Hapo ngamia ni mtumishi wa serikali, na anaheshimiwa. Huko Australia ngamia walipelekwa kwa maelfu katika karne ya 19 pamoja na waongozaji kutoka Afghanistan na India ya Waingereza, wakabeba mizigo ya miji midogo kama Marree mpaka malori yakawatoa kazini. Wakaachwa porini, wakazaana. Januari 2020, wakati wa ukame, maelfu walipigwa risasi kutoka kwenye helikopta kwa sababu walikuwa wakivamia maji ya vijiji. Nimewasimulia wazee wa Garissa habari hiyo. Mmoja aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari ya msiba, kama hakukuwa na mtu hata mmoja wa kuwakamua.

Maji ya Garissa yana ugomvi wake. Kandokando ya Tana kuna mashamba ya maembe, ndizi, matikiti na nyanya, yanayonyweshwa kwa pampu za dizeli, na wakulima wa zamani zaidi hapo ni Wamunyoyaya na Wamalakote, watu wa mto ambao vitabu vya habari za nchi huwasahau kwa sababu vimeamua Garissa ni ya Wasomali na ngamia tu. Kiboko hula kinachopandwa, mamba huwavizia wanaochota. Lakini adui mkubwa yuko juu. Mabwawa ya umeme ya Mto Tana, kuanzia Kindaruma la 1968 hadi Masinga la 1981 na Kiambere la 1988, yalijengwa kuipa Nairobi taa. Garissa yenyewe ilitegemea jenereta za dizeli kwa miongo mingi. Mji uliokaa gizani ukisikia Masinga imejaa na inamwaga, ulihamisha magodoro. Desemba 2019 mambo yaligeuka kidogo: kituo cha umeme wa jua cha zaidi ya megawati 50 kilizinduliwa nje ya mji, na sasa Garissa nayo inapeleka umeme kwenye gridi ya taifa. Maji bado yanakuja kutoka juu.

Yalikuja 1997, yakaja Novemba 2023, yakarudi Aprili 2024. Daraja lilisimama imara mara zote hizo za karibuni. Kilichozama ni barabara ya upande wa Madogo, pale Mororo. Malori yakapanga mstari, bei ya nyanya ikapanda, na waliokuwa na boti wakawa mabasi. Tarehe 28 Aprili 2024 boti moja iliyojaa abiria ilipinduka. Watu 23 waliokolewa, wengine wakafa, mita chache kutoka barabara kuu ya lami inayounganisha mkoa mzima na nchi. Wakazi walikuwa wakisema tangu mvua za mwaka uliotangulia kwamba kipande kile kiinuliwe. Kuna uzembe unaohitaji utafiti ili uonekane. Huu ulionekana kwa macho.

Wanapogombana wenyewe kwa wenyewe, watu wa Garissa hawaanzii polisi. Wanaanzia kwa wazee, kwenye maslaha. Mtu akiuawa, ukoo wa muuaji unalipa diya, fidia ya damu, na Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililowakutanisha wazee wa Garissa, Wajir, Mandera na Isiolo, lilitaja kiasi chake: ngamia 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. Faida ya maslaha ni kwamba inazuia kisasi usiku ule ule, wakati faili la polisi lingekuwa halijafunguliwa. Ubaya wake ni huo uliomo ndani ya hesabu yenyewe, na unazidi penye kesi za ubakaji, ambapo wazee wa pande mbili hukubaliana mifugo na msichana hakai kwenye kivuli cha mkutano. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haitambui mapatano hayo. Akina mama wa mjini wanaosema hivyo hadharani huitwa majina, na wanaendelea kusema.

Wana mfano wa kuutegemea, na uko Wajir, kaskazini mwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za huko zilikuwa vitani, na vita vikafika sokoni: mwanamke wa ukoo huu hakumuuzia wala kununua kwa mwanamke wa ukoo ule. Kikundi kidogo cha wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwa miongoni mwao, kilianza kuzungumza jambo hilo harusini, mahali ambapo koo zote hukutana kwa lazima. Hawakuanza na mkutano wa amani. Walianza na maziwa: soko liwe la kila mtu, na iwepo kamati ya wanawake wa kila ukoo ya kuangalia kwamba liko hivyo. Ugomvi ukitokea sokoni unamalizwa hapo hapo kabla haujafika nyumbani kwa wanaume wenye bunduki. Soko liliposhika, wakawafuata wazee, kisha vijana, kisha ofisi ya mkuu wa wilaya, na mwaka 1993 wazee wakatia saini azimio la Al-Fatah.

Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya barabarani, akiwa safarini kwenda mkutano wa amani Garissa. Kabla ya hapo, nchi ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, alikuwa mmoja wa watu watano walioanzisha Concerned Citizens for Peace, pamoja na majenerali wastaafu Lazaro Sumbeiywo na Daniel Opande, Balozi Bethuel Kiplagat na George Wachira. Walikutana kila asubuhi katika hoteli ya Nairobi, na milango ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye habari ya wapi panawaka. Baadaye serikali ikaagiza kamati za amani za wilaya zianzishwe nchi nzima, hadi Bonde la Ufa na Nyanza. Utaratibu wa Wajir ulikuwa umeshaonyesha njia: kila upande uwe na mtu wake ndani, wanawake wawemo, na kazi ianzie mahali watu wanaponunua chakula.